Nimelipia Mafaili Yasiyo na Kitu

Nisogezeeni hilo kreti la soda nikae, maana leo nina dukuduku. Hivi kwa nini vitu vyangu haviharibiki vizuri? King'amuzi cha mtu mwingine kikifa kinakufa kweli. Kinatoa moshi, kinanuka, fundi anatikisa kichwa, mnakubaliana, mnanunua kingine. Changu kilikufa huku kinawaka. Taa nyekundu imewaka. Kile kidirisha cha mbele kimeandika "boot". Ukiweka kiganja juu unakuta cha moto, kwa hiyo kazi kinafanya. Ila picha hakuna. Sauti hakuna. Unasubiri. "Boot." Unaenda kuoga, unarudi. "Boot." Unazima, unawasha, unapuliza matundu ya nyuma, unakichapa kofi la kirafiki. "Boot."

Na siku kilijichagulia chenyewe. Taifa Stars inacheza. Sebule imejaa hadi mlangoni. Jirani kaja na watoto, watoto wamekuja na wenzao, shemeji kashika rimoti tangu asubuhi, na mama mkwe, aliyekuja kutusalimia kutoka Nshamba na hajaondoka hadi leo, kakalia kiti changu. Mpira unakaribia kuanza, "boot". Nikasimama mbele ya kadamnasi kuzungusha waya. Nikachomoa, nikachomeka. Wageni wakaanza kuaga kwa adabu, mmoja mmoja, eti wanawahi kufunga mbuzi. Wa mwisho akabeba na benchi langu, kule kwa jirani viti havitoshi. Goli nililisikia kwa kelele tu. Mpaka nalala sikujua tumefunga au tumefungwa.

Zamani ungefunga antena juu ya mparachichi ukaendelea na maisha. Lakini nchi ikaanza kuzima mitambo ya analojia, Dar es Salaam ikatangulia tarehe 31 Desemba 2012, na sisi wa mikoani tukafuata. Siku hizi bila kisanduku televisheni inakuonyesha sura yako mwenyewe. Nimeitazama. Si kipindi kizuri.

Tuanze na fundi wa kwanza, huyu wa hapa hapa Muleba. Jina silisemi, tunakutana sokoni. Nilimpelekea nikamweleza ukweli: siku moja kisanduku kilijiandikia mambo yake, kikatoa onyo kwamba usizime. Mimi sikuzima. Umeme ndio uliozima. Fundi akacheka, akasema mfumo umekufa, mzee, nakuwekea mwingine. Alikuwa na king'amuzi cha mteja, aina ile ile, kizima. Akachukua mafaili yote ya kile, akayapitisha kwenye flashi, akayapanga kwenye laptopu yake, akayasukuma ndani ya changu. Kikawaka. Kikaandika "boot". Akasema kipe muda, mfumo mpya huo, bado unajizoesha. Nikalipa. Nikakipa muda. Mimi ni mtu wa kutoa muda.

Muda ulipokwisha nikaona niende Bukoba mjini. Mama watoto akakifunga kisanduku kwenye kanga yake, fundo juu. Nikapanda Haisi nimekipakata. Konda akanitazama, akatangaza kwa gari zima, "Jamani mpisheni mzee ana mtoto." Watu wakapisha kweli. Mama mmoja akauliza ana miezi mingapi. Nikasema hatazami. Akanipa pole kutoka moyoni, na gari likaingia Muhutwe likatoka, likafika Kemondo wakapanda watu wa dagaa, yule mama bado ananieleza kuhusu mganga wa macho. Nilipofungua fundo ili nihakikishe dagaa hawajamwagikia, akaona waya. Toka hapo hadi stendi hakunisemesha.

Sasa mkoa huu wetu, ukirusha jiwe unampata profesa. Nchi nzima inatuita nshomile, na wenzangu wanastahili. Mimi wakati wanasoma sijui nilikuwa wapi. Kwa hiyo niliposhuka Hamugembe kwenye kibanda cha mafundi nikajiandaa kudharauliwa na wanaume wa rika langu. Nikakuta binti. Yuko likizo kutoka chuo, anamsaidia mjomba wake. Vijana wengine wanatengeneza simu, yeye kakaa pembeni na laptopu yenye stika nyingi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Kina shida gani, waitu?"

Nikamwambia kinasema "boot" halafu hakisemi kitu kingine. Akakitoa kwenye kanga kwa heshima, akafungua misumari. Ndani akatoka mende mkavu. Akafuata wa pili. Zikafuata punje za mchele, na kifuniko cha kalamu ya mwanangu wa mwisho, aliyekwishamaliza shule ya msingi. Vijana wakaanza. Mmoja akashika meza. Mwingine akatoka nje kabisa. Nami nikasimama pale nimeshika kanga tupu.

Sisi wa upande huu kicheko tunakiheshimu. Hapo Kashasha, tarehe 30 Januari 1962, kwenye shule ya bweni ya wasichana ya misheni, wanafunzi watatu walianza kucheka, ikashindikana kuwanyamazisha, kikawapata 95 kati ya 159, na mwezi Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudishwa makwao kikafika Nshamba kwa mama mkwe, baadaye kikaibuka na Rwamishenye, mlangoni mwa Bukoba. Wataalamu walikuja kuandika kwamba haikuwa furaha ile, watoto walikuwa wanaumwa kwa msongo. Mimi nasema tu kwamba kiliwahi kupita njia hii hii niliyopita na kisanduku, na nadhani mabaki yake yako Hamugembe.

Binti hakucheka. Alitabasamu, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akanionyesha kwenye bodi vipini vinne vimejipanga. Akasema hapa ndipo kinapoongelea. Akachomeka nyaya tatu, moja ya ardhi, moja ya kutuma, moja ya kupokea, zikaenda kwenye kidude kidogo cha yuesibii, na kidude kikaenda kwenye laptopu. Waya wa nne wa umeme akauacha, akawaambia vijana atakayeugusa ataununua mwenyewe. Akaweka spidi 115200. Akawasha.

Jamani. Kinaongea! Maandishi yanateremka kwenye skrini mbio mbio. Kinajitaja kumbukumbu zake, kinataja flashi yake, kinahesabu vifaa kimoja kimoja. Muda wote ule nyumbani nilipokuwa nakipuliza na kukichapa, kumbe kinanieleza kila kitu, ila kwa vipini ambavyo sikujua kama vipo. Nikajisikia vibaya kuhusu yale makofi.

Halafu ghafla mstari mmoja, "Warning: unable to open an initial console." Kimya. Hakuna kingine. Mbele kidirisha kinasema "boot".

Binti akaegemea kiti. "Baba, aliyekuwekea huu mfumo aliupitisha kwenye flashi ya aina gani?"

Nikasema ya bluu.

Kibanda kikaenda tena. Yule aliyekuwa nje akarudi ndani ili acheke karibu.

Akanielewesha pole pole, na mimi nawaelewesha ninyi, mkibaki gizani mjue tuko wengi. Humo ndani mna Linux, kompyuta kamili, tena na keneli yake. Keneli ndiye mkubwa. Ikishaamka inatafuta mafaili ya mfumo, ikiyapata inaita programu ya kwanza kabisa, inaitwa init, na hiyo ndiyo inayoamsha nyingine zote: za picha, za sauti, za chaneli. Sasa kabla ya kuita init, keneli inafungua faili moja liitwalo /dev/console na kumkabidhi init njia tatu kupitia hapo. Njia ya kupokea maneno, njia ya kutolea majibu, na njia ya malalamiko. Nikamkatiza. Nikauliza ya malalamiko ni ya peke yake? Akasema ndiyo baba, kila programu inapewa ya kwake. Nikanyamaza. Mimi ni mume wa mtu, baba wa watoto, kwangu sina njia hiyo, na programu inayo.

Basi kwenye kisanduku changu faili hilo halikuwepo. Keneli ikalitafuta, ikalikosa, ikatoa onyo kwa mdomo wake yenyewe kwa sababu yenyewe inaongea moja kwa moja na vile vipini, halafu ikamwita init hivyo hivyo bila njia hata moja. Init akaamka. Akakwama kwenye hatua zake za kwanza. Akataka kusema amekwama wapi. Hana pa kusemea. Faili lililopotea ndilo lile lile ambalo angelitumia kutangaza kwamba kuna faili limepotea. Hapo nikaelewa kwa nini fundi wangu alisema kinajizoesha. Mtu asiyelalamika siku zote huonekana anazoea.

Nikauliza limepoteaje wakati fundi alihamisha kila kitu. Akasema mafaili haya ya vifaa si mafaili ya kawaida. Akatafuta namna ya kunieleweshea, akaona nimekunja uso. "Baba, umewahi kwenda ofisini, milango yote inafanana, hujui uingie wapi?" Nimewahi! Nimeishi huko! "Basi faili la kifaa ni kibao cha mlangoni. Ofisi ipo, karani yupo ndani, ila kibao ndicho kinakwambia gonga hapa. Kwenye kibao hamna kitu zaidi ya herufi moja na namba mbili. Console ni herufi c, namba 5 na 1. Karani hakai kwenye kibao. Ukikipima hakina uzito. Kina baiti sifuri."

Na zile flashi tunazonunua mtaani, akasema, nyingi zimepangwa kwa mtindo wa FAT, na mtindo huo haujui vibao. Unajua mafaili na mafolda, basi. Fundi alipomimina mfumo kwenye flashi, programu zilipita, picha zilipita, hata mafaili ya lugha nisizozijua yalipita. Folda la /dev lilipita pia, ila tupu. Bila shaka laptopu yake ilimwandikia kwamba haya imekataa. Labda alikuwa anajibu simu.

Kijana mmoja wa simu akadakia kwa ujuaji, mbona kuna programu ya udev inayotengeneza hivyo vibao yenyewe? Nikafurahi, nikajua sasa na yeye atapata chake. Akapata. Binti akamwambia ipo, na kwenye vifaa vidogo kuna mdogo wake, mdev, lakini hao wanaamshwa na nani? Kijana akasema na init. Na init anaanza kabla au baada yao? Kijana akarudi kwenye simu yake. Mwandika vibao mwenyewe yumo ndani ya jengo, anasubiri kibao cha mlango wake. Ndiyo maana, akasema, lazima uweke angalau viwili kwa mkono tangu mwanzo: console na null.

Null! Hilo nalo acha niwaambie. /dev/null ni faili ambalo chochote unachokiandika humo kinapotea, na ukilisoma unakuta limeishia pale pale. Programu zinatupia huko maneno yasiyotakiwa. Nikauliza kama wanaliuza peke yake, maana mama mkwe akianza hotuba ya jioni nijue pa kuielekeza. Akasema ole wako likikosekana, kwa sababu programu ikitaka kutupa taka na jalala halipo, mfumo unatengeneza faili la kawaida lenye jina hilo hilo, na taka zote zinahifadhiwa humo hadi nafasi inajaa. Hotuba za mama mkwe zimehifadhiwa zote! Nikaomba tafadhali tuanze na hilo.

Akaanza. Mfumo mzima akautoa upya kwenye kisanduku, akaufungulia ndani ya laptopu yake, kwenye diski ya Linux inayojua vibao. Flashi ya bluu hakuitaka hata mezani. Akaandika sudo, akaweka nywila, akasema kazi hii mtu wa kawaida haruhusiwi, lazima uwe root. Mimi nikarudi nyuma hatua moja, nikajihisi nimetajwa. Akaandika mknod -m 600 dev/console c 5 1. Akabonyeza. Akaandika mknod -m 666 dev/null c 1 3. Akabonyeza. Akaorodhesha folda akanionyesha, mbele ya kila mstari imekaa herufi c, pale faili la kawaida huwa na kistari. Akafunga vyote kuwa taswira moja, akasema hapo sasa hata FAT haiwezi kuiba kitu, maana kwake hilo ni faili moja tu kubwa na haijui ndani mna nini. Akaisukuma kwenye kisanduku.

Mimi zile namba niliziandika kiganjani. 5, 1, 1, 3. Nikaona haiwezekani namba zenye nguvu ya kufufua mtambo zikaishia hapo. Jioni ile nikapanga mkeka: mechi ya kwanza tano moja, ya pili moja tatu. Mkeka ukachanika wote. Mwenye kibanda cha kubeti ananiuliza mzee nani kakupa tano moja, nikasema keneli. Akasema huyo kocha simjui.

Turudi. Tunasubiri kiandike. Binti anawasema vijana kwamba kisanduku hiki cha zamani, keneli yake ni ya kabla ya toleo 2.6.32 lililotoka Desemba 2009. Kuanzia hapo kuna kitu kinaitwa devtmpfs, keneli inajitengenezea vibao yenyewe bila kumngoja mtu, mradi aliyeitengeneza aliiwasha hiyo kazi pamoja na ile ya kuibandika /dev peke yake. Na msijidai, akawaambia, kwa sababu mfumo ukianzia kwenye initramfs huko kujibandika hakufanyiki, unabandika mwenyewe kwenye hati ya init, na kibao cha console unakiweka humo kwa mkono tangu mwanzo, la sivyo mtarudi kwenye onyo lile lile na keneli mpya ya mwaka huu. Wote wakaitikia. Mimi nikaitikia kwa sauti kuliko wote. Nikatingisha na kichwa.

Kikawaka. Maandishi yakateremka, yakafika pale pa kifo, yakapita! Yakaendelea. Init akaanza kusema, na wa nyuma yake wakaanza kusema, kila mmoja na malalamiko yake. Kwenye kidirisha "boot" ikatoweka, ikaja chaneli namba moja. Kibanda kizima kikapiga makofi, na mimi nikainama kidogo kana kwamba nimefanya kitu.

Ikaja bei. Nikashtuka.

"Mwanangu, umeandika mistari miwili."

"Ndiyo baba."

"Na mafaili yenyewe ulisema yana ukubwa gani?"

"Sifuri."

"Sasa hata sokoni Kashai mtu akikuuzia debe tupu anakuuzia debe. Hapa debe lenyewe halipo."

Akafikiri. Nikajua nimempata. Akasema basi baba, nayafuta, unalipa nusu. Akaweka vidole kwenye laptopu. Nikalipa yote. Nikamwongezea na kopo la senene nililokuwa nampelekea mtu mwingine kabisa, mtu mwenye wadhifa, ambaye hadi leo ananiuliza.

Wakati nafunga fundo la kanga akaniambia neno moja la mwisho: kisanduku hiki hakina betri ya saa, kikiwaka kinaanza kuhesabu tangu mwanzo wa hesabu ya Linux hadi kipate saa ya kweli kutoka satelaiti, usiogope ukiona tarehe ya ajabu. Nikasema mimi siogopi tarehe.

Nikafika nyumbani usiku. Wote wapo, hata jirani karudi, bila benchi. Nikachomeka mbele yao kwa madaha. "Boot." Wakaguna. Nikawaambia tulieni, init anakabidhiwa njia. Hawakunielewa, nikaonja raha ya kuwa nshomile kwa mara ya kwanza. Ikaja picha ya bluu. Shangwe! Halafu ikabaki ya bluu. Kumbe nilipokuwa Bukoba shemeji aliamua tatizo ni mawimbi, akapanda juu ya bati akaligeuza dishi, sasa linatazama ziwa. Hakuna satelaiti, hakuna chaneli, hakuna saa. Pembeni mwa skrini yamejiandika maandishi meupe makubwa: 01.01.1970, saa 03:00.

Nikasema kesho asubuhi nitapanda kurekebisha dishi. Nikanyoosha mkono nizime.

"Usiguse," akasema mama mkwe kutoka kwenye kiti changu, miwani iko puani, anaisoma ile tarehe pole pole. "Iacheni hapo hapo. Mwaka huo mwanangu alikuwa hajaolewa."